Hodi ya Toroli

Mimi ni mtu wa nyumbani, na nalisema mapema ili asije mtu akategemea ushujaa. Wako watu waliozaliwa na miguu inayowasha. Yangu ilizaliwa imechoka. Enzi za Mjerumani, reli kubwa ilipofika Morogoro, vijana wa rika langu walipanda garimoshi kwenda Dar es Salaam kutazama meli tu, wakarudi kusimulia mwezi mzima. Mimi serikali ilinipeleka bure kabisa kwenye shule yake ya juu kule pwani. Nilikaa miaka miwili, nikarudi na barua ya daktari iliyosema nina homa isiyojulikana. Daktari hakuijua, lakini mimi niliijua. Ilikuwa homa ya kutaka kulala kwa mama.

Mama alifurahi. Mjomba hakufurahi, na kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye kauli ni mjomba. Baba ni mtu mnayekula naye vizuri. Mjomba alingoja siku tatu. Halafu akaja kumwambia mama kwamba kijana aliyefundishwa hesabu na serikali hawezi kushinda jikoni akihesabu mafiga. Mafiga ni matatu, akasema, hesabu hiyo imekwisha. Kesho yake akanipeleka shambani.

Shamba lenyewe lilikuwa la mkonge, chini ya milima, upande wa Kingolwira. Kutoka kiwandani juu mpaka kwenye reli kubwa Wajerumani walikuwa wametandika reli ndogo, upana wake hatua moja ya mtu mzima, na juu yake zilipita toroli. Toroli ni kitu rahisi mno kwa jinsi inavyoweza kuua: jukwaa la mbao, magurudumu manne ya chuma, na nyuma mti mrefu unaovutwa kwa mikono miwili ili kubana magurudumu. Siku zile tuliuita mti tu. Leo watu husema breki, na mimi nitasema breki tusichoshane. Tulipakia marobota manne ya mkonge, kijana mmoja akasimama nyuma ameshika breki, mwenzake akaisukuma kidogo, basi, mlima ukafanya kazi iliyobaki.

Kushuka kulichukua muda wa kutafuna muwa mmoja. Kupanda na toroli tupu, tukiisukuma kwa mabega, kulichukua nusu ya asubuhi. Waliotuona tukishuka walitusifu na wasichana walisimama kututazama. Tulipokuwa tukipanda hakuna aliyesimama, na kusema kweli hata mimi nisingependa kuonekana katika hali ile. Jasho lilikuwa likiingia machoni, reli inachoma nyayo, na kila ukiinua uso unaiona milima iko palepale, haijasogea, kama inakungoja ufike ili iseme bado.

Na reli ile ilikuwa njia ya watu. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Wajerumani walisafisha msitu, wakasawazisha udongo, wakaweka mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, kwa nafasi sawasawa, halafu wakashangaa kuona watu wanapita. Nani ataacha njia nzuri vile apite kwenye miiba? Akina mama wenye maharage na ndizi za kupeleka sokoni, wazee wenye fimbo, mbuzi, wote walishuka kwa reli.

Kabla sijafika mimi kulikuwa na kijana mmoja aliyekutana na mjomba wake kwenye mteremko. Kijana mwenye adabu. Mjomba hasalimiwi kama unafukuza kuku. Unaacha ulichoshika, unakutanisha viganja, unainamisha kichwa, unasema shikamoo. Naye akaacha alichoshika. Mjomba akaitikia marahaba hali yuko hewani, maana alikuwa amesharukia kwenye maboga ya watu. Toroli ikaenda peke yake hadi kona ya chini, ikatoka relini, na robota moja likamvunja mguu mama aliyekuwa amejitwisha ndizi. Kijana alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Mama yule alipona akabaki na mguu mfupi. Hakuna aliyemwambia pole kwa niaba ya shamba.

Bwana msimamizi, Mjerumani mwembamba aliyekuwa akitazama saa yake kama mtu anayetazama mtoto mgonjwa, alitukusanya akatuambia kwamba vijana wa milimani hawana vichwa. Alitupa hadi mwezi uandame. Ukiandama atapanda toroli mwenyewe kutupima, na kama hatujui kuendesha, toroli zitapewa watu wengine, na sisi tutaandikwa katika wapagazi wanaokwenda Mahenge na mizigo ya serikali.

Mahenge. Wenzangu walilipokea neno lile kama jambo baya katikati ya mengine mabaya. Mimi nililipokea kama kufukuzwa kwetu. Wapagazi walitoka na mzigo kichwani, wakalala porini, wakarudi baada ya miezi, na wengine walirudi kwa habari tu. Kwenye toroli, pamoja na uchovu wake wote, magharibi ilinikuta kwetu, kwenye kirago changu, nikimsikia mama akigombana na moto. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka duniani, na sasa kilikuwa kinaning'inia kwenye mti wa breki.

Mwalimu tuliyeletewa alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyefanya kazi kwenye reli kubwa tangu ilipoanza kutandikwa pwani. Vidole viwili vya mkono wa kushoto hakuwa navyo. Alisema amevikopesha reli. Kwa kuwa Wanyamwezi ni watani wetu, tulijua mara moja kwamba hatutafundishwa kwa upole. Siku ya kwanza tulipomwamkia, aliitikia, akatutazama mmoja mmoja miguuni, akauliza kama ni kweli kwamba Waluguru wana mguu mmoja mrefu kwa sababu ya kulima mteremkoni. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye hakujua kunyamaza, akamjibu kwamba ni kweli, na ndio huo tunaowapigia Wanyamwezi wakija kuomba maji. Mzee akacheka, akamwambia asogee mbele, atakuwa wa kwanza kufa.

Nimtaje vizuri huyu binamu. Alikuwa na miaka kumi na sita kama mimi, lakini yeye alizaliwa na miguu inayowasha. Alishuka mteremko akiwa amesimama juu ya marobota, mikono kiunoni, breki ikibembea nyuma kama mkia. Alipenda kuifuata toroli ya mbele hadi aweze kumtemea mate mwenye nayo. Aliniita bibi harusi, kwa kuwa nilishuka nimebana breki tangu juu, nikiwasili chini mwisho, magurudumu yakitoa moshi.

Tulidhani tutafundishwa kwenye toroli. Siku tano za mwanzo mzee hakutupandisha kitu. Alitutembeza. Tulishuka kwa miguu, tukapanda kwa miguu, na kila kona alituuliza nani yuko upande wa pili.

Tulijibu hakuna mtu.

"Yupo," alisema. "Hujamwona tu."

Tukachungulia, kweli hakuna mtu. Mzee hakujali. Akataka tumweleze mtu huyo: mwanamke au mwanamume, amebeba nini, anasikia vizuri? Binamu akasema ni Mnyamwezi, amebeba jino la tembo, amelala. Mzee akasema vizuri, basi utamsimamishia toroli, kwa maana Mnyamwezi akiamka na jino la tembo utajuta. Kufika siku ya nne nilikuwa nimeijaza reli ile watu wa kuwaza tu, vikongwe, viziwi, watoto wanaookota mawe, hata usiku niliota wanapita. Wenzangu walichoka. Mimi nilichoka pia, lakini niligundua jambo lililonishangaza: maisha yangu yote nilikuwa nikiitwa mwoga kwa kufanya hivi hivi, na sasa kumbe ni kazi, ina mwalimu.

Alitufundisha na mengine. Asubuhi reli ina umande, na maji ya mkonge yakidondokea juu yake huteleza kama bamia. Kabla ya safari ya kwanza unamwaga mchanga penye mteremko. Breki unaanza kuibana kabla ya kona, maana katikati ya kona umeshachelewa, na hapo unashika mti wa mapambo. Mzee yeyote akipita, unamwamkia kwa mdomo tu. Hilo lilitusumbua kuliko yote. Mmoja wetu alisema kwao akionekana anaamkia bila mikono, mama yake atatangaziwa kisimani. Mzee akamwonyesha mkono wake wa kushoto, akasema huu nao uliamkia vizuri sana siku moja. Hatukujua kama ni utani.

Na mataruma arobaini. Kati ya toroli na toroli lazima pawe na mataruma arobaini, ili wa mbele akikwama, wa nyuma apate muda wa kumeza mate, kuuliza kuna nini, na kubana. Binamu alidai hajui kuhesabu hadi arobaini. Mzee alimwambia hiyo si kitu, akamfanya ayapitie, akigusa kila taruma kwa kiganja, amechuchumaa, mara kumi kwa siku. Baada ya siku mbili binamu hakuhitaji kuhesabu. Magoti yake yalikuwa yakijua.

Likabaki suala la kona. Lazima upige kelele kabla ya kona, mzee alisema, lakini kelele gani? Hapo nikajitia kimbelembele kwa elimu yangu. Nilisema pwani watu wenye mizigo husema simile, simile, na barabara inafunguka yenyewe. Tukaijaribu. Watu wa milimani hawakuwa wamelisikia neno hilo. Mzee mmoja alisimama katikati ya reli akatuuliza huyo Simile ni mtoto wa nani, mbona anaitwa kila siku haitiki. Wenzangu walinicheka hadi jioni. Mwalimu naye alifikiri, akasema basi tuseme neno ambalo kila mtu analijua tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Tuseme hodi.

Ilikuwa akili nzuri, na wote tuliisifu. Ukikaribia kona unapaza sauti, hodi, hodi, na wafanyakazi wa shambani ambao walikwisha kuambiwa wanaruka pembeni. Siku zote za mazoezi haikuleta shida. Ila tulifanya mazoezi na wafanyakazi. Hatukuwa tumefanya na bibi yeyote.

Mwezi ukaandama. Asubuhi ya kupimwa bwana msimamizi alichagua toroli yangu, nadhani kwa sababu niliijua lugha yake kidogo, au kwa sababu nilionekana kama mtu asiye na haraka ya kufa. Alikaa juu ya marobota, saa mkononi, kijitabu gotini. Nyuma yangu alipangwa binamu. Mwalimu alibaki juu kwa kuwa bwana hakutaka asaidie. Nilipompita alininong'oneza, "Endesha kama ulivyo." Sikujua kama ananisifu au ananiaga.

Nilimwaga mchanga. Nilibana mapema. Kona ya kwanza nikasema hodi, kimya, nikapita. Ya pili kimya, nikapita. Nilikuwa nikimwona bwana anavyoitazama saa, najua anaona nachelewa. Nilijiambia niachie kidogo tu, angalau anione mwanamume. Niliachia. Toroli ikashika kasi, upepo ukaingia sikioni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa binamu alikuwa anapenda nini. Kona ya tatu, ile ya kijito, ikaja. Nikapaza sauti, hodi, hodi.

Sauti ya mwanamke mzee ikajibu kutoka upande wa pili, taratibu, bila wasiwasi wowote:

"Karibu, mwanangu."

Wengine wangefikiri, hewala, amesikia, atapisha. Mimi nimekaa nyumbani sana. Najua mtu anayesema karibu anafanya nini: hafanyi kitu. Anabaki alipo. Anatengeneza nguo yake, anakungoja uingie. Niliivuta breki kwa mwili wote, nikaegemea nyuma hadi mgongo ukagusa ubao. Chuma kikalia. Bwana msimamizi akaserereka juu ya marobota akaishia mbele, miguu juu, kofia kijitoni. Toroli ikaingia kona ikikoroma, ikasimama.

Bibi alikuwa ameketi juu ya reli, miguu ameinyoosha, kapu la maharage pembeni yake. Kati ya gurudumu na goti lake mtoto angeweza kulala, lakini mtoto mdogo. Alinitazama, akamtazama Mjerumani, akanirudia mimi.

"Karibuni basi," alisema. "Mbona mmesimama mlangoni?"

Nikasema shikamoo bibi. Akaitikia, kisha akaitazama mikono yangu iliyong'ang'ania mti.

"Mikono inakuuma?"

"Haiumi, bibi. Nimeshika."

Hapo ndipo nilipokumbuka aliye nyuma. Naomba mnielewe: nilikuwa kwenye mteremko, nikiachia breki tunamkanyaga bibi, nisipoachia binamu yangu anakuja na marobota manne, kijana anayependa kutemea watu mate. Mzee alitufundisha ukisimama upaze sauti. Nilifungua kinywa hakikutoka kitu. Nilisikia magurudumu yake juu yetu, yanakuja, na nilimwona mama yangu akiambiwa.

Halafu nikasikia, mbali kidogo, kwa ile sauti yake ya kudharau kila kitu: hodi, hodi.

Bibi ambaye hakuwa mtu wa kuacha hodi ikaning'inia aliinua shingo akajibu, "Karibu. Ila pamejaa."

Chuma kikalia tena, safari hii juu yetu. Kililia muda mrefu. Sikugeuka, nilifumba macho nikashika mti, nikasikia mkoromo unakuja, unapungua, unakuja, unakwisha. Nilipofumbua, toroli ya binamu ilikuwa imesimama hatua sita nyuma ya mgongo wangu, naye ameizunguka breki kwa mikono na miguu kama mtoto juu ya mti wa mpera. Hakuniita bibi harusi. Alisema, polepole, kama anatoa hesabu shuleni, "Yalikuwa arobaini. Wallahi yalikuwa arobaini."

Bwana msimamizi, aliyekuwa ameshuka kuokota kofia, saa ingali mkononi, alitoka kijitoni akiwa amelowa hadi magotini. Alipima kwa hatua kutoka toroli yangu hadi ya binamu. Akapima kutoka toroli yangu hadi kwa bibi, ambaye alivuta nguo yake kidogo asikanyagwe. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kwa nini nilisimama kabla sijamwona mtu.

"Alisema karibu, bwana."

"Karibu ni njoo," akasema. "Yeye sema njoo. Wewe simama."

Nilimweleza nilivyoweza, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani changu cha miaka miwili, kwamba kweli ni njoo, ila asemaye njoo yuko kwake, na aliye kwake haondoki. Sijui kama alielewa. Aliandika kitu, akaitazama saa, ikawa imeingia maji, akaitikisa, akaitia mfukoni. Akasema tuendelee. Tulingoja bibi ainuke, na bibi hakuwa wa kuharakishwa. Alitwika kapu, akalishusha, akalifunga upya, akatwika tena, akalalamika kwamba siku hizi vijana wanabisha hodi halafu hawaingii.

Chini hakuna aliyetuambia tumefaulu wala tumeshindwa. Tulishusha marobota, tukageuza toroli, tukaanza kuzisukuma kurudi. Karibu na kile kijito binamu alisimama akatapika, akajifuta, akaendelea kusukuma. Juu, mwalimu alisikiliza habari yote bila kututania hata mara moja, jambo lililotutia hofu. Mwishowe akashika kichwa, akasema amefanya kazi ya reli miaka mingi na hajawahi kukaribia kuua watu kwa adabu. Akabadilisha sheria pale pale: ukisema hodi ukasikia kimya, bana nusu, ukisikia karibu, simama kabisa.

Siku ya tatu mnyapara alisoma orodha ya wapagazi wa Mahenge mbele ya kiwanda. Nilisimama nimeshika toroli nikisikiliza majina ya watu ninaowajua. Letu halikutajwa hata moja. Wale waliotajwa walifunga vitu vyao kwenye vipande vya mikeka, na mmoja aliniuliza kama nina kamba. Nilimpa. Halafu mnyapara akatugeukia sisi, akasema kwa kuwa sasa tunajua kuendesha, safari zitakuwa tatu kwa siku badala ya mbili.

Katika miaka miwili niliyoifanya kazi ile, reli ndogo haikuvunja mtu mguu. Binamu akawa mtu wa kubana kabla ya kona, na alipowafundisha vijana wapya aliwachuchumalisha kwenye mataruma bila huruma. Mimi nilipata nilichokitaka. Kila siku magharibi nilifika kwetu, nikaketi, nikaletewa chakula, na mara nyingi sikukimaliza, usingizi ulinikuta tonge liko mkononi. Mama aliwaambia majirani kwamba amerudishiwa mtoto wake. Mjomba kila alipokuja kunisalimia aliuliza niko wapi.

"Amelala," mama alijibu.

Miaka miwili ile jibu halikubadilika.